Jina Ndani ya Kola

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike. Nitamfikisha kwa maneno machache.

Mume wangu, Semisi Tauhelu, aliondoka hapa Nuku'alofa kwenda Auckland kufanya kazi kwenye ghala la nyama. Alisema mwaka mmoja. Ikawa mitano. Mwaka jana alirudi ndani ya sanduku, ameletwa na dada yake Kalolaine.

Siku ya mazishi wifi yangu alikaa kichwani pa marehemu, kama ilivyo haki yake. Akapewa mikeka iliyo mizuri kuliko yote, akachukua na begi la nguo za Semisi kabla sijalifungua. "Nguo za mwanamume ni za dada yake," aliniambia. Sikubisha. Kwetu dada wa baba habishiwi.

Tangu hapo nimevaa nyeusi mwaka mzima na nimekula kwa mitumba. Mapipa ananitumia huyo huyo Kalolaine kwa meli. Mimi nachambua, nafumua, nashona, nauza kwenye gulio la Jumamosi.

Kisha akapiga simu. Anakuja siku ya kuvua nyeusi, na akiondoka ataondoka na binti yangu Vaimoana, miaka kumi na sita, mtoto pekee niliyemzaa. "Nyumba yangu ina kazi nyingi," alisema. "Nahitaji mikono."

Mchungaji Fotu, aliyekuwa nyumbani kwangu akisikia, akaingilia kati. Akasema siku hiyo ukoo wote utakuwepo. Wakimwona binti ametunzwa, abaki amalize shule. Wakimwona amechakaa, aende na shangazi yake.

Kalolaine alicheka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Sawa, Mchungaji. Tumwone huyo mtoto wa mapipa."

Niliwaacha nikiwa gulioni, nimefungua pipa la kwanza, nimeshika shati la kitani, na kidole kimegusa kitu ndani ya kola.

Kilikuwa kitambaa chembamba kilichoshonwa kwa mkono. Herufi zake nyekundu.

S. TAUHELU.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Nililinusa shati kwapani. Sabuni tu. Mtu wangu alikuwa ameshafuliwa.

"Unanusa nini, Mama Vai?" Ilikuwa sauti ya Sisilia, jirani yangu wa meza, ambaye macho yake hayana kazi nyingine. "Panya kafia humo?"

"Kitani."

"Kitani kinanuka?"

"Kizuri kinanuka."

"Basi niuzie mimi kabla hujaanza kukilamba."

Nililikunja nikalikalia. Mjane wa kanisani, kiongozi wa sala ya alfajiri, nimekalia shati kama kuku.

Mara wakaja wateja wangu, mabinti wa maofisini. Hawaji kwangu kununua nguo. Nguo zimejaa gulio zima, zimerundikwa kwenye maturubai. Kwangu wanakuja kupangiwa wiki. Nakupa vipande saba, unavaa siku tano, na hakuna atakayesema amekuona na ile ya juzi.

Binti mmoja wa wizara nilimpa shati la kiume la mistari. Akalishika kwa ncha za vidole.

"Mama Vai, hili ni la babu!"

"Chomekea. Kunja mikono hadi kiwikoni. Haya, funga na kiekie yako juu." Kiekie ni ule urembo wa nyuzi za ukili tunaofunga kiunoni, na mwanamke wa ofisini hatoki bila hiyo. "Unaona? Mistari inashuka, nyuzi zinashuka, umekuwa mrefu. Ukivaa blauzi ya maua, maua yanagombana na kiekie, watu wanaona vita. Juu pawe kimya, kiuno kiongee."

"Lakini la babu."

"Babu kafa, shati halijafa."

Walicheka mabinti wote. Sisilia alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka, huku nimelikalia la Semisi.

Kwetu mtoto havai nguo ya baba yake. Hali mabaki ya sahani yake, hagusi kichwa chake, hajifuniki shuka lake. Hata mtoto anayetambaa anaondolewa kwenye mkeka wa baba. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma.

Lakini nilimaliza pipa zima, nikachambua hadi mwisho. Fulana za matangazo. Suruali zilizochanika magotini. Koti la mvua lisilo na zipu. Siku zote mapipa ya Kalolaine yalikuwa na nguo za maana. Hili lilikuwa na takataka, na juu kabisa ya takataka, limekunjwa vizuri, shati moja la kitani rangi ya maziwa, la mtu kwenda nalo kanisani.

Ningejiuliza kwa nini. Sikujiuliza. Nilikuwa nawaza siku ya kuvua nyeusi, na macho ya ukoo mzima juu ya mwanangu.

Jumatatu nilifungua Biblia nitafute mahali panapokataza mtoto kuvaa ya baba. Sikupaona, nikafurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Nilichokiona ni kile cha mwanamke kutovaa ya mwanamume. Nikajiambia, nikishabana kiuno na kuhamisha vifungo kutoka kulia kwenda kushoto, si ya mwanamume tena. Ndivyo nilivyojadiliana na Mungu, mimi nikiwa na mkasi mkononi.

Nikakata.

Mabega nilishusha hadi yakamkaa. Mgongoni nilitia mikunjo miwili. Suruali ya sufu ya kahawia, niliyokuwa nimeihifadhi tangu pipa la mwezi wa tatu, niliifumua yote, nikatoa sketi ya vipande sita, inayotembea mtu akitembea. Viatu vya ngozi vya mtumba nikavipaka rangi hadi vikang'aa. Kiekie nilimtolea yangu ya harusi.

Kikabaki kile kitambaa chenye jina. Nilikifumua kutoka kwenye kola, uzi baada ya uzi. Nikakiweka juu ya meza. Nikashindwa kukitupa.

Nilikishona ndani ya shati, kushoto, nyuma ya mfuko wa kifuani. Nilitaka baba yake akae pale. Sindano ilikuwa na uzi mweusi, maana mwaka mzima sikushona kwa uzi mwingine nyumbani. Sikubadilisha. Ndani nani ataona?

Jumatano alilijaribu. Alisimama mbele ya kioo, akageuka, akageuka tena.

"Mama, hii ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nafanana na nani vile?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikapata sababu ya kunyamaza.

"Linanikwaruza hapa," akasema, akishika kifua.

"Mshono huo. Vumilia."

Alhamisi asubuhi ukumbi wa kanisa ulijaa. Nguruwe walikuwa nje wanageuzwa juu ya moto, viazi vikuu vimerundikwa kwenye majani. Kalolaine aliketi mbele peke yake kwenye rundo la mikeka, gauni lake jipya likimeta, karatasi ya bei ikichungulia kwapani. Hana mume wala mtoto, na pale mbele hakuna aliyekuwa juu yake isipokuwa Mchungaji.

"Wifi," alinisalimu. "Umekonda. Nyeusi imekupenda."

"Nimekuja kuivua, wifi."

"Tutaona. Yuko wapi huyo?"

Vaimoana aliingia.

Nilisikia ukumbi ukivuta pumzi. Sijivuni, nasema nilichosikia. Shati limetulia kifuani, mikono imekunjwa, kiekie ya harusi yangu inapiga hatua pamoja naye, sketi inafungua na kufunga. Mke wa diwani alimwegemea mwenzake akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Hiyo imetoka dukani Auckland, siyo bure."

"Geuka tukuone," Kalolaine akasema.

Akageuka.

Mchungaji Fotu alitabasamu. "Kalolaine, umeona mwenyewe. Mtoto ametunzwa. Ukoo umeona."

"Ametunzwa!" wazee wakaitikia.

Nilishinda. Nilikaa mshindi kwa muda wa mtu kunywa funda moja la maji.

"Nimeona," Kalolaine akasema kwa upole. "Njoo, mwanangu. Njoo shangazi akubusu."

Vaimoana alipiga magoti mbele yake. Kalolaine alimkumbatia. Huku akimkumbatia, macho yake yakinitazama mimi, vidole vyake vilipanda moja kwa moja hadi kwenye kola, vikaigeuza. Hakutafuta. Mkono unaotafuta naujua, mimi ni fundi. Ule ulikuwa mkono unaorudi mahali ulipoacha kitu.

Ndipo nikaelewa kwa nini pipa zima lilikuwa takataka.

"Mchungaji," alisema, "kitani hiki kimepauka. Lakini hapa ndani ya kola kuna alama, upana wa vidole viwili, bado rangi mpya. Na matundu ya sindano pembeni. Palikuwa na jina."

Nje mafuta ya nguruwe yalisikika yakidondoka motoni.

"Nilimshonea mwenyewe kaka yangu. Hili ni shati la Semisi."

Mama mmoja wa ukoo alipiga yowe fupi na kuziba mdomo. Mwingine alimvuta mtoto wake karibu. Vaimoana alikuwa bado amepiga magoti, na nilimwona akitazama mikono yake mwenyewe ndani ya ile mikono ya shati, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Lilichanganyika kwenye pipa kwa bahati mbaya," Kalolaine akaendelea. "Kosa langu. Lakini fundi anayefumua jina la marehemu kwenye kola, akamvalisha mtoto wa marehemu, hilo si langu."

Mchungaji alinigeukia. Alikuwa na Biblia kwapani.

"Lesieli. Ulijua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Pengine wangenikemea, ningelia, ningesamehewa, tungekula nguruwe. Nimelifikiria hilo kila siku tangu siku ile.

"Sikujua, Mchungaji," nikasema. "Lilikuja bila jina."

Vaimoana aliinua kichwa. Mkono wake ulikwenda kifuani, palipokuwa pakimkwaruza. Alifungua kifungo kimoja, akaingiza vidole nyuma ya mfuko, akapindua kitambaa.

Alisoma kwanza kimya. Kisha akasoma kwa sauti.

"S. Tauhelu."



"Uzi mweusi," mwanangu akasema. "Huu ni uzi wako, mama."

Kalolaine alinyoosha mkono kuomba mkasi, na watu wote walipoinamisha nyuso, aliinama akautoa kwenye kikapu changu mwenyewe. Mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao sijawahi kuuruhusu uguse hata karatasi.

Alimfungua nywele. Zilikuwa zinafika kiunoni. Kwetu shangazi ndiye anayekata nywele za mtoto wa kaka yake aliyefiwa, na mwaka jana Kalolaine alimwachia kwa huruma. Sasa alizikata palipo na shingo, mkato mmoja, wa pili, wa tatu. Mkasi wangu ulikuwa mkali. Niliunoa Jumanne.

"Pole, mwanangu," Kalolaine alisema. "Ni kwa ajili ya kukusafisha."

"Kata tu, shangazi."

Hakulia. Alinitazama mimi muda wote nywele zikianguka juu ya kitani.

"Ungeniambia, mama," akasema. "Ningelivaa. Ningelivaa nikijua ni la baba."

Mchungaji alisema mtoto aende na shangazi yake, akafunga mkutano kwa sala fupi. Nguruwe waliliwa. Nyeusi yangu haikuvuliwa. Hakuna aliyekumbuka kunivua.

Sisilia alinipitia mlangoni akiwa na sahani imefunikwa kwa jani. "Mama Vai, nilikwambia uniuzie mimi," alinong'ona. Sijui hadi leo kama alinicheka au alinihurumia.

Ijumaa Vaimoana alifungasha. Ndege ilikuwa kesho yake. Hakunisemesha asubuhi yote. Alipiga pasi, akakunja, akaweka. Nilisikia kila kitu kupitia pazia: pasi, zipu, pumzi yake.

Mama ni mama. Nikawaza, Auckland mwezi huu kuna baridi, na mtoto hana koti. Nikakumbuka pipa la pili, ambalo sikuwa nimeligusa tangu litoke bandarini. Nikaliburuta uani nikavunja kifuniko.

Fulana. Fulana. Mapazia. Nilichimba hadi kiuno changu kikawa ndani ya pipa. Chini kabisa mkono ukagusa kitu laini.

Gauni la mtoto. La bluu, pamba nzuri, vifungo vidogo vya umbo la ua.

Kwanza nilitazama kama fundi. Pindo lilikuwa limeshushwa mara mbili. Mstari wa zamani ulionekana, na mwingine chini yake, kama alama tunazochora ukutani kupima watoto. Aliyelivaa alikua ndani yake. Kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka cha kitani.

Kitani rangi ya maziwa.

Kisha nikageuza kola.

Kitambaa chembamba. Herufi nyekundu. Mkono ule ule.

T. TAUHELU.

"Umechelewa kufika chini, wifi."

Kalolaine alikuwa amesimama kwenye uzio. Nilitoka ndani ya pipa nikiwa na gauni mkononi.

"La nani hili?"

"Umezoea kusoma kola. Si umesoma?"

"Wewe huna mtoto."

"Mimi sina."

Alipangusa viatu vyake kwenye nyasi zangu, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Ana miaka minne," alisema. "Mama yake amepata mume mwingine huko, na mume hataki mtoto wa mtu. Nimelea mwaka mzima. Nimechoka, wifi. Nataka msichana mkubwa anayejua kufua na kupika, siyo wa kulelewa. Basi namchukua mkubwa, nakuachia mdogo. Nani kwenye ukoo atasema sikukutendea haki?"

"Yuko wapi?"

"Tangu Jumatano yuko kwa Mchungaji."

Kwa hiyo Mchungaji alipokuwa ananiuliza kama nilijua, yeye alijua. Biblia kwapani.

Kalolaine aligeuka akaita barabarani, "Talita! Njoo!"

Alitokea nyuma ya uzio, kadogo, miguu ina vumbi, ameshika keki ya kukaanga iliyomwachia mafuta hadi kiwikoni. Mungu anisamehe, sikumtazama usoni. Nilitazama pindo la gauni alilovaa. Lilikuwa limefika juu ya magoti, na hapakuwa na kitambaa tena cha kushusha.

Kisha nikamtazama usoni. Heri nisingetazama.

"Gauni langu," alisema, akionyesha mkononi mwangu. Akanitazama juu hadi chini. "Kwa nini umevaa nyeusi?"

Mlango ulifunguka nyuma yangu.

Vaimoana alitoka na begi lake. Nywele zake fupi zilikuwa zimesimama upande mmoja. Alikuwa amevaa shati la kitani. Alilifua, akalipiga pasi, akalivaa tena, amechomekea vizuri, mikono imekunjwa hadi kiwikoni kama nilivyomfundisha. Kalolaine alifungua mdomo kumkemea.

Mtoto alimtangulia. Aliangusha keki, akakimbia, akanipita mimi kama mti, akaenda kushika ncha ya lile shati kwa vidole vyake vya mafuta.

"Hili la baba," alisema kwa furaha. "Hili la baba la kanisani!"

Vaimoana alimtazama yule mtoto. Akatazama lile gauni la bluu mkononi mwangu, kola yake imegeuzwa nje.

"Mama," akasema polepole. "Baba wa nani?"

Kalolaine alikunja mikono akaegemea uzio. Alitaka kusikia nitakavyojibu.